Mgonjwa wa Bwana Mifugo

Bwana Mifugo wetu hakupenda ndege. Alilisema hilo waziwazi, hata mbele ya akina mama waliokuja ofisini na kuku zao kwenye makapu. Ng'ombe akiugua, alisema, anakuaga. Anaacha kula, anajitenga na wenzake, masikio yanalala, nawe unapata siku mbili tatu za kufanya kazi yako. Ndege anaficha. Anakaa kwenye kijiti kama mzima, na siku unayogundua kuwa anaumwa ndiyo siku unayomzika. Akishasema hayo alinawa mikono, akampokea kuku kwa viganja viwili, taratibu, kana kwamba amepewa yai.

Mimi nilikuwa mpiga chapa wa ofisi hiyo, Kigoma mjini, chumba cha pili kutoka mlangoni, na nilifanya naye kazi miaka kumi na miwili. Jina lake nalijua vizuri, nililichapa chini ya kila barua. Lakini mjini hakuna aliyelitumia. Machinjioni, Mwanga, Ujiji, Kibirizi, mpaka vijiji vya barabara ya Kasulu, alikuwa Bwana Mifugo tu, nami nitamwacha hivyohivyo.

Hakuwa mtu wa kwetu. Serikali ilimleta kutoka mikoa ya katikati ya nchi, kwenye ng'ombe wengi na mvua chache, na miaka yote niliyomjua aliishi kama mtu anayesubiri barua ya uhamisho. Alilalamikia mawese, kwamba kila chakula chetu kina rangi moja. Dagaa hakula, kwa sababu, alisema, wanamtazama wote kwa pamoja. Kiha alijifunza neno moja tu, "Mwakeye", ambalo sisi tunasalimiana asubuhi. Yeye alilitumia asubuhi, mchana na jioni, na watu walimwitikia bila kumsahihisha, maana alilisema kwa uso mzito sana.

Ziwa aliliogopa. Hakulificha hilo wala hakulifanyia mzaha. Hata hivyo kila mwaka tulipotakiwa kuchanja mbuzi wa Kagunga, huko mpakani ambako hufiki ila kwa boti, alikwenda mwenyewe. Alikaa katikati ya boti, amefumba macho, amekumbatia sanduku la chanjo, wala hakuyafumbua mpaka boti iguse mchanga. Akishuka alichanja mbuzi wote, akaandika idadi, akarudi kwenye boti akafumba macho tena. Wavuvi walikuwa wakiniuliza kama ndiye yule anayesali safari nzima. Sikuwaambia kuwa hasali, anaogopa.

Kwa wanyama alikuwa na subira ya ajabu. Kwa watu alikuwa mkavu. Siku moja mama mmoja wa Kidahwe alileta mwanambuzi aliyekwisha kufa njiani, amembeba mgongoni kwa kanga kama mtoto. Bwana Mifugo alimkagua, akamwambia, "Umechelewa siku tatu," akaingia ndani. Yule mama alikaa kwenye benchi langu akilia kimyakimya. Nilimwona Bwana Mifugo mkatili siku ile. Wiki iliyofuata nikamsikia dereva akisimulia kwamba Bwana Mifugo alimtafuta mama huyo kijijini, nyumba kwa nyumba, akatibu mbuzi wake waliobaki, na alipopewa kiti alikataa kukaa kwa sababu hajui cha kuzungumza.

Kuhusu ukweli wake kazini watu wa mjini walikuwa na kisa kimoja walichokisimulia kuliko vyote, kisa cha ng'ombe wa harusi. Mwenye nyumba aliyokuwa amepanga alikuwa anamwoza binti yake. Ng'ombe alichinjwa Ijumaa, harusi Jumamosi. Bwana Mifugo alipasua mapafu akaona vivimbe vya kifua kikuu, akapasua tezi akaviona tena, akaamuru nyama yote ifukiwe na kumwagiwa chokaa. Mwenye nyumba alikuja mbio kumwomba apige muhuri japo mapaja, maana mapaja yalikuwa mekundu na safi. Alimjibu kwamba mapaja hayo ni ya ng'ombe yuleyule. Harusi ililiwa kwa migebuka, samaki wa ziwani, na maharage. Bwana Mifugo alikuwa amealikwa, akaenda. Akakaa peke yake kwenye mkeka, akala, akampa bibi harusi doti mbili za vitenge, na kesho yake akafunga vitu vyake akatafuta chumba kingine kabla hajafukuzwa.

Mimi alinifundisha sentensi moja. Wiki ya kwanza kazini nilichapa taarifa ya mbuzi waliokufa Ujiji, nikaongeza kwa akili yangu kwamba huenda walikula majani yenye sumu. Aliusoma ukurasa, akautoa kwenye jalada, akanirudishia. "Andika tulichokiona," alisema. "Tunachokidhani tukae nacho nyumbani." Nilichapa upya.

Kisha ikaja miaka ya wakimbizi. Waliozaliwa baadaye wanaisikia kama habari ya redio, lakini sisi ilituingilia milangoni. Vita vilikuwa ng'ambo ya ziwa, na boti zilitia nanga Kibirizi zikiwa zimejaa mpaka maji yanachungulia ndani. Watu walishuka na magodoro, masufuria, vichwa vya cherehani, picha za ukutani. Walishuka pia na wanyama, na hapo ndipo ofisi yetu ilipoitwa. Kanuni tuliyokuwa nayo haikuwa na maneno mengi: mnyama au ndege aliyevuka mpaka bila karatasi auawe na achomwe, asije akaleta maradhi. Bwana Mifugo aliitekeleza. Alifanya kazi hiyo kule ufukweni kwa siku kadhaa, na siku hizo alikuwa akirudi ofisini na kukaa tu, mikono juu ya meza.

Asubuhi moja alirudi na tundu la fito. Ndani yake mlikuwa na kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, ila kijivu chenyewe kilikuwa kwenye kichwa na mabawa tu. Kifuani na tumboni alikuwa mtupu, ngozi ya waridi yenye vipele kama ya kuku aliyenyonyolewa tayari kwa sufuria. Nilidhani ameungua. Bwana Mifugo akaniambia hapana, amejinyonyoa mwenyewe, kwa mdomo wake, nyoya moja baada ya jingine. Amemwona akifanya hivyo pale ufukweni, katikati ya zogo, bila kupumzika.

Nyuma yake aliingia mwenye ndege. Alikuwa mwanamke wa makamo, mshonaji kutoka upande wa Kalemie, huko Kongo, amevaa kitenge kizuri kilicholowa mpaka magotini. Hakupiga kelele kama wengine waliokuja kuomba. Alisimama mlangoni, akasema kwa Kiswahili cha kwao, akimwita Bwana Mifugo baba, "Papa, haiko mugonjwa. Anawaza."

Bwana Mifugo alimuuliza anawaza nini. Yule mama akaeleza kwamba kasuku ni wa mume wake. Miaka kumi na mmoja alikaa begani kwa mume wake, akila naye, akimsumbua anaponyoa ndevu. Siku ya kukimbia, mume alibaki kufunga nyumba, akasema atakuja na boti ya kesho. Hiyo kesho ilikuwa imepita wiki tatu, boti yao ikitua kijiji kwa kijiji upande wa kwao kabla ya kuvuka. Kasuku, ambaye zamani alikuwa hanyamazi, hakuwa amesema neno tangu walipopanda boti, na manyoya alianza kuyang'oa siku ya pili.

Kwa kanuni, ndege yule alikuwa wa kuuawa siku hiyohiyo. Lakini kanuni ilikuwa na mlango mdogo. Mnyama mwenye dalili zisizojulikana aliweza kuwekwa chini ya uangalizi, na taarifa yake iandikwe kila wiki. Bwana Mifugo aliniambia niweke karatasi kwenye mashine. "Andika: ndege mmoja, kasuku. Ananyonyoa manyoya yake. Sababu haijulikani. Awekwe chini ya uangalizi." Yote hayo yalikuwa kweli, kila neno.

Nilichoelewa baadaye, nilipoisoma kanuni mwenyewe, ni kwamba mlango ule haukuwa na pa kutokea. Ndege akithibitika mgonjwa, auawe. Akipona, bado hana karatasi, auawe. Aliruhusiwa kuishi katikati tu, kwenye kutojulikana.

Tulimweka kwenye chumba cha stoo. Bwana Mifugo alianza na alichokijua. Alitandika kitambaa cheupe chini ya tundu, asubuhi akakikagua kwa kioo cha kukuzia akitafuta utitiri na chawa. Hakuona kitu. Aliangalia kinyesi, ngozi, mdomo, akampima kwenye mizani ya dawa. Ndege alikuwa amekonda kidogo, basi. Kisha akaomba hospitalini picha kuukuu ya eksirei, akaikata duara, akamvalisha shingoni kama kola ili mdomo usifike kifuani. Kasuku alianguka kutoka kwenye kijiti mara nne. Siku mbili hakula. Siku ya tatu Bwana Mifugo alimvua ile kola, akaitupa, akasema mbele yangu kwamba amekosea, amezuia mdomo wala hajagusa kinachousukuma.

Kabla ya hapo sikuwahi kumsikia akisema amekosea, si kwa mtu, si kwa ng'ombe.

Baada ya hapo alibadili njia. Alinipa daftari, akaniagiza niweke alama kila nikimwona ndege anajinyonyoa, na pembeni niandike kilichokuwa kinaendelea. Nilidhani ni upuuzi, lakini niliandika. Baada ya wiki mbili tulikaa tukalisoma lile daftari. Alama zilikuwa nyingi watu walipokuwa wakigombana koridoni, nyingi lori lilipowashwa uani, na asubuhi za Jumatatu, baada ya siku nzima ya upweke, sakafu ya stoo ilijaa manyoya. Nilipokuwa nachapa karibu na mlango wake, alama zilikuwa chache.

Tukamhamishia chumbani kwangu, kwenye kona ya mbali na uani. Chakula nacho kilibadilika. Mtunza stoo alikuwa akimpa wali na mahindi makavu. Yule mama, ambaye wakati huo alihifadhiwa pamoja na wenzake kwenye majengo ya hapo mjini na aliruhusiwa kuja kila alasiri, alitwambia kwao kasuku anakula chikichi. Kigoma nzima ni michikichi, na Bwana Mifugo, adui wa mawese, akawa anaonekana sokoni akichagua chikichi moja moja, akizibonyeza kwa kidole. Alimkatia pia vijiti vya mpera vyenye magome, apate cha kutafuna kisichokuwa mwili wake. Alinunua pampu mpya ya kunyunyizia, ambayo haijaguswa na dawa, akamnyunyizia maji ya uvuguvugu asubuhi kama mvua nyepesi. Jioni kabla ya kufunga ofisi nilimfunika kwa kanga yangu, alale gizani mpaka kuche.

Nilikuwa na tabia ya kumkemea nikimwona anang'oa. Nilisema, "We, acha," na yeye aliacha, akanitazama. Bwana Mifugo alinikuta nikifanya hivyo. Akaniambia ninamfundisha vibaya. "Ukimkemea umemjibu," alisema. "Anajifunza kwamba akijiumiza kuna mtu atamwita." Kwa hiyo niligeuza. Aking'oa nilikaa kimya, nikaendelea na kazi. Akiwa ametulia, akitafuna kijiti chake, ndipo nilipomsemesha, nikamwambia habari za nyumbani, bei ya sukari, mtoto wangu anayekataa uji. Ilikuwa aibu mwanzoni. Baadaye nikaona nami najisikia nafuu.

Lakini dawa kubwa ilikuwa yule mama. Alifika alasiri, akavua ndala mlangoni, akamsalimu Bwana Mifugo, "Jambo, Papa," akakaa sakafuni na kushona kwa mkono. Hakumsemesha sana ndege. Alishona tu, na kasuku alisogea polepole kwenye kijiti mpaka upande wake, akainamisha kichwa ili akunwe. Saa hizo daftari langu halikuwa na alama hata moja.

Kisha wakimbizi walihamishwa kutoka mjini kupelekwa kambini, upande wa Kasulu, na yule mama akapanda lori pamoja na wenzake. Siku ya kuondoka hakuomba apewe ndege. Alijua haiwezekani. Aliniachia kipande cha kitenge chake, akaniambia nikifunge kwenye tundu. Wiki ile kasuku alijinyonyoa mpaka damu. Bwana Mifugo alimpaka dawa ya vidonda asubuhi na jioni, na siku mbili mfululizo nilimkuta amevuta kiti kando ya tundu, anasoma majalada yake pale badala ya mezani kwake.  Alikuwa akigeuza kurasa tu, ili ndege asikie kuna mtu.

Ilichukua miezi. Sitaki kudanganya kwamba ilikuwa safari ya kupanda tu. Alikuwa akipata nafuu, kisha lori likawashwa au mimi nikaugua siku tatu, tukarudi nyuma. Lakini taratibu vidonda vilikauka. Asubuhi moja nilipofunua kanga niliona chini ya mabawa na kando ya kifua vijiti vidogo vyeusi vikitokeza kwenye ngozi, kama mbegu zinazochipua. Nilimwita Bwana Mifugo. Aliinama, akatazama kwa muda mrefu. Yalikuwa manyoya mapya, na hayakuwa yameguswa. Niliona uso wake ukifunguka. Kisha nikauona ukifungika, naye akatoka.

Ijumaa yake ilikuwa siku ya taarifa. Alisimama nyuma yangu kama kawaida, akanisomea: "Ndege bado ananyonyoa manyoya. Sababu haijulikani. Uangalizi uendelee."

Vidole vyangu vilisita juu ya mashine. Ndege alikuwa pale pale, hatua mbili kutoka tulipo, anatafuna kijiti cha mpera, kifua chake kimeanza kuwa cha kijivu. Nilichapa. Akaweka sahihi. Hatukutazamana. Ijumaa ya pili alisoma maneno yaleyale, nikachapa. Ijumaa ya tatu vilevile. Wiki hizo tatu hakunawa mikono kabla ya kunisalimu kama ilivyokuwa desturi yake, hakumfokea mtu yeyote, na machinjioni walisema amekuwa mpole mpaka anatia wasiwasi. Mimi nilijua kinachomla. Mtu aliyefukia ng'ombe wa harusi alikuwa anaandika asichokiona.

Ijumaa ya nne alianza, "Ndege bado," akaishia hapo.  Akanyoosha mkono, akaitoa karatasi kwenye mashine, akaikunja mara mbili na kuiweka mfukoni mwake.

"Karani," aliniambia, "chukua daftari la chanjo. Tunakwenda barabara ya Kasulu."

Tulikuwa kweli na kuku wa kuchanja huko, si kisingizio. Mimi nilikaa mbele kwenye Landrova ya ofisi, tundu mapajani, limefunikwa kanga. Pale Kidahwe tulikuta kizuizi. Askari alichungulia, akauliza nimebeba nini. Nilikuwa nimeshatunga jibu, kuku wa mbegu. Bwana Mifugo alinitangulia. "Kasuku," alisema. "Alikuwa mgonjwa. Namrudisha kwa mwenyewe." Askari aliinua pembe ya kanga, kasuku akamtazama kwa jicho moja, askari akaishusha kanga na kutuinulia mti. Ukweli ulikuwa rahisi mno, nadhani, hata akakosa cha kuuliza.

Kambini tulimpata yule mama baada ya kuulizauliza sana. Alikuwa amepata cherehani, anashona nje ya hema chini ya turubai, na akina mama wengine wamekaa wakingoja nguo zao. Alipoliona tundu hakusimama. Aliweka mikono yote miwili juu ya kitambaa alichokuwa anakishona, akaikandamiza, kama anayezuia kitu kisipeperuke.

Bwana Mifugo, mtu asiyejua kuzungumza na watu, alibaki amesimama juani mbele ya wateja wote wale. Alimwambia kwamba ndege bado ni mgonjwa wake, anamkabidhi tu amuuguze. Akamweleza kwa mpangilio: chikichi, vijiti vya mpera, maji asubuhi, giza la kutosha, asikemewe. Akamwambia pia kwamba pale katikati ya kifua huenda manyoya yasiote tena kamwe, maana mashina yameharibika kwa kung'olewa mara nyingi, na akiona hivyo asihangaike na dawa. "Hapo patabaki hivyo," alisema. "Mwili una mahali hausahau."

Yule mama alifungua tundu. Kasuku alitoka, akapanda mkono wake kwa mdomo na makucha mpaka begani, akakaa. Hakusema neno la miujiza. Alinyoosha bawa moja, kisha jingine. Yule mama ndipo akalia, kichwa kimesimama wima, asije akamwangusha.

Tulichanja kuku, tukarudi. Jumatatu Bwana Mifugo alinisomea taarifa ya mwisho, nayo naikumbuka kwa sababu niliichapa mara tatu, nikikosea kila mara. Aliandika kwamba ndege aliacha kujinyonyoa wiki nne zilizopita, kwamba taarifa tatu za mwisho hazikuwa za kweli na kosa ni lake peke yake, na kwamba amemrudisha ndege kwa mwenyewe kwa kuwa hiyo ndiyo tiba aliyoiona inafaa. Nilimwomba aiondoe ile sentensi ya taarifa tatu. Hakuna anayejua, nilimwambia. Alinijibu kwamba sisi wawili tunajua, na mmoja wetu ni mkubwa wa kazi.

Barua ya onyo ilikuja baada ya mwezi. Kupandishwa cheo, ambako kulikuwa kunamkaribia, hakukuja. Aliniambia barua ile niiweke kwenye jalada la magonjwa ya kuku, na akaendelea na kazi, miaka mingi, palepale alipokuwa. Watu walishangaa kwa nini mtu hodari hivyo hapandi. Hakumweleza mtu. Barua ya uhamisho aliyoisubiri nayo haikuja, na alipostaafu, badala ya kurudi kwenye nchi yake ya ng'ombe, alijenga vyumba viwili Ujiji, akaendelea kulalamikia mawese kutoka hapo.

Nilimwona kwa mara ya mwisho bandarini, mwaka ambao Wakongo walianza kurudishwa kwao kwa meli. Mimi nilikuwa karani mkuu wakati huo, na tulipewa meza pale bandarini kuandika karatasi za wanyama wanaovuka, kwa sababu sasa kulikuwa na utaratibu, na kila ndege alikuwa na haki ya fomu yake. Ofisa wetu alikuwa dada mdogo, daktari wa mifugo, aliyetoka chuo si zamani. Bwana Mifugo alifika bila kuitwa. Alikuwa ametembea kutoka kwenye kituo cha magari, fimbo mkononi, macho yamefunikwa na ukungu wa mtoto wa jicho. "Mwakeye," alisema, na ilikuwa saa tisa alasiri. Nilimwamkia, "Shikamoo Mzee," nikampa kiti changu.

Alikuwa amesikia kwamba kambi ya upande wa Kasulu inaondoka siku hiyo. Alikaa akisikiliza foleni.

Yule mama alikuja karibu na mwisho. Nywele zilikuwa nyeupe kwenye kingo za kilemba. Mume hakuwahi kuonekana. Alinieleza hilo kwa sentensi moja, kisha akaweka tundu mezani. Kasuku alikuwa wa kijivu, mnene, mchangamfu, na alisema kitu kwa Kifaransa ambacho sikukielewa. Katikati ya kifua kulikuwa na kiraka kitupu, kikubwa kama kiganja cha mtoto.

Daktari wetu alikiona, akaishusha kalamu. Alisema kwa upole kwamba ndege mwenye dalili ya ngozi hawezi kumwandikia kuwa ni mzima.  Yule mama alinitazama mimi.

Bwana Mifugo alikwisha simama. Alisogea mpaka mezani akipapasa ukingo. "Mwanangu," alimwambia daktari, "usinisikilize mimi. Mshike mwenyewe. Halafu andika ulichokiona."

Yule binti alimtazama, kisha akanawa mikono, akamtoa ndege kwa viganja viwili. Akapuliza kifuani, akakagua ngozi kwa kidole, mabawa, macho, mdomo. Akampima. Ilichukua muda, foleni ikanung'unika, naye hakuharakisha. Mwishowe akasema ni kovu la zamani tu, akaandika, akapiga muhuri, karatasi moja kwa mwenye ndege na nakala moja kwangu.

Yule mama aliushika mkono wa Bwana Mifugo kwa mikono yake miwili. "Aksanti, Papa," alisema, na yeye akamjibu kwamba ndani ya meli amfunike, kuna kelele. Basi. Aliondoka na tundu kichwani, tukamwona mpaka alipopanda ngazi, au mimi nilimwona, yeye aliniuliza na mimi nikamwambia.

Meli ilipong'oa nanga daktari alikwenda kunywa chai. Tulibaki wawili mezani, karatasi zikipeperuka chini ya jiwe. Bwana Mifugo aliniuliza kama nakala ya kasuku iko hapo. Nikaitafuta. Akaniomba nimsomee, maana macho yake hayawezi tena.

Nilimsomea tarehe, jina la mwenye ndege, bandari ya kutoka na ya kwenda. Nikasoma, "Ndege mmoja, kasuku wa kijivu. Ana kovu la zamani kifuani. Mzima."

Alikuwa ameinamisha kichwa, sikio upande wangu.

"Hapo mwisho," alisema. "Soma tena."

"Mzima," nikasoma.